Mbele ya kutoa feza ya parseli, enda mara tatu

Ilikuwa siku ya yenga, mangaribi. Tulikuwa tunamaliza kula wakati kamarade mumoja wa ekipi yetu ya zamani alipiga hodi kwangu, hapa Kolwezi. Bibi yangu akamuletea kiti, akamupa maji. Hakukunywa. Alitosha anvelope ndani ya koti, akaiweka juu ya meza, akasema:

— Yaya delege, dekonte yangu njo hii. Miaka saba ya kazi. Kesho asubui naenda kulipa parseli. Nakuomba tu uweke saini sawa shahidi.

— Parseli iko wapi?

— Kule juu, kartye ya mupya. Banaipima sasa hivi.

— Ulienda kuiona mara ngapi?

— Mara moja, na komisyonere. Giza ilikuwa inaanza kuingia.

— Mama watoto aliiona?

Akanyamaza kidogo.

— Ataiona tukiisha kulipa. Komisyonere anasema kuko batu babili benye kuingoja. Kama silipi kesho, inaenda.

Sikuweka saini. Alikasirika, akarudisha anvelope ndani ya koti, akaenda bila kumuaga bibi yangu. Usiku ule sikulala muzuri. Maneno aliyoniambia niliyajua yote, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasema mwaka 2018.

Mwaka ule kazi ilikuwa mingi na kila mutu alikuwa anasema: nunua leo, kesho hautaweza. Nilinunua parseli ya metre 20 kwa 25. Nilitoa dola 3.200, feza niliyochunga miaka mine. Karatasi niliyopewa ilikuwa fishi moja yenye kashe. Kisha miezi tano nilifika pale na matofari, nikakuta mutu mwingine anachimba musingi. Yeye pia alikuwa na fishi. Wiki iliyofuata mutu wa tatu akatokea, na fishi yake mukononi. Fishi tatu, kashe ya namna moja, parseli moja. Mwenye kuuza alikuwa ameisha kuhama. Mpaka leo sijaona hata franka moja.

Haya yangu ni hii: mimi ni delege wa sendika. Mbele ya wakubwa wa kompani ninasoma mapatano ya kazi mustari kwa mustari. Lakini karatasi ya nyumba yangu mwenyewe sikuisoma. Njo sababu ninaandika leo kwa ajili yenu, mapapa na mamama wa migodi, mbele anvelope yenu haijatoka ndani ya koti.

Zamani nyumba ilikuja na kazi

Baba zetu hawakununua nyumba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona tangu miaka ya 1920 kwamba mutumishi mwenye bibi na watoto karibu naye anabakia kwa kazi. Ikajenga makambi. Gécamines ikafuata ile desturi: Kapata, Luilu na Musonoi upande wa Kolwezi, Panda na Shituru kule Likasi, Cité Gécamines kule Lubumbashi. Nyumba, hospitali, masomo na unga, vyote vilitoka mahali pamoja. Wazee walikuwa wanasema: kompani njo baba, njo mama.

Kisha ule baba akagonjwa. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatosha zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mugodi wa chini wa Kamoto ilianguka, na kazi ikaendelea kushuka mpaka mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003, zaidi ya watumishi 10.000 walitoka kwa mupango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kila mumoja na feza yake mukononi. Wengine walijenga. Wengine walikula feza mbele mwaka haujaisha. Watoto wao ni sisi.

Kompani zilizokuja kisha kodi ya migodi ya mwaka 2002 zinalipa mushahara, lakini mingi kati yao hazijengi kambi ya familia. Zinatupa kitanda kwa base-vie, ao zinaandika feza ya nyumba juu ya buleti ya mushahara. Basi leo kila mutumishi anasimama peke yake mbele ya muuzaji. Hatukufundishwa kununua nyumba, kwa sababu baba zetu hawakuwa na lazima ya kujua.

Bei inafuata kobalti, mushahara haufuati

Soko la nyumba katika miji yetu halifanani na la muji mwingine. Kolwezi ikawa muji mukubwa wa provense ya Lualaba mwaka 2015. Wakubwa wa serikali, wafanya biashara na watu wa kompani wakafika kwa mara moja, na wote wanatafuta pa kulala. Bei ya parseli inahesabiwa kwa dola. Na inapanda wakati madini inapanda.

Angalieni kobalti. Mwanzo wa mwaka 2018 tani moja ilipita dola 90.000 kwa soko la London. Mwaka 2019 ilianguka vibaya, na mwisho wa mwaka ule Mutanda, mugodi mumoja kati ya mikubwa ya kobalti duniani, ukasimamishwa. Mwaka 2022 bei ikapita tena dola 80.000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeshuka karibu na dola 22.000, na tarehe 22 Februari serikali ikasimamisha kutosha kobalti inje ya inchi. Katika mwezi wa Oktoba ikaweka kota: kila kompani na kipimo chake.

Sasa, ndugu yangu, weka haya pembeni ya buleti yako. Wakati kobalti inapanda, parseli inapanda mara moja, lakini mushahara wako unangoja mazungumzo ya mapatano mapya. Wakati kobalti inashuka, wa kwanza kutoka ni watu wa kompani ndogo zenye kufanya kazi kwa ajili ya kompani kubwa. Na muuzaji hashushi bei haraka, anangoja. Kwa hiyo mutumishi mwenye kununua kwa mbio ananunua wakati bei iko juu, na anauza kwa mbio wakati iko chini. Anapoteza mara mbili.

Kununua si kubaya. Mimi mwenyewe ninawaambia munue, mujenge, musizeeke ndani ya nyumba ya mutu. Lakini wakati soko linageuka hivi, feza yako isitembee mbele ya miguu yako. Enda kwanza mara tatu.

Safari ya kwanza: kwa parseli yenyewe

Usiende na komisyonere peke yake. Yeye analipwa wakati unanunua, hapana wakati unakataa. Mara ya kwanza enda naye, sawa. Mara ya pili rudia bila yeye, muchana, pamoja na bibi yako ao bwana yako.

Kama inawezekana, enda kisha mvua kubwa. Mingi tunanunua mwezi wa Juni ao Julai wakati udongo ni mukavu na mugumu sawa simenti. Kisha mwezi wa Januari tunaona maji inapita katikati ya chumba cha watoto. Angalia maji inatoka wapi na inaenda wapi. Uliza kama waya wa umeme inafika, kama kuna bomba ao kisima, na kisima inakauka mwezi gani.

Kama mugodi wa wazi uko karibu, kaa pale saa ya kupiga mine. Angalia kuta za majirani. Ukuta wenye kupasuka toka kwa musingi mpaka kwa dirisha utakuambia maneno ambayo muuzaji hatakuambia.

Zaidi ya yote, ongea na majirani. Usiulize: "Parseli hii inauzwa?" Uliza: "Nani alikuwa anakaa hapa? Mwenye kuuza munamujua tangu lini? Kuna mutu mwingine alikuja kupima?" Mama mwenye kuuza makala kwa kona ya avenyi anajua habari kupita mukubwa wa ofisi. Kama ningalimuuliza mwaka 2018, dola 3.200 zangu zingalikuwa matofari na manjanja leo.

Safari ya pili: kwa maofisi

Kitu cha kwanza cha kujua: sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyobadilishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali. Mutu hauzi udongo. Anauza haki serikali ilimupa juu ya ule udongo, pamoja na kile alichojenga. Kwa hiyo ulizo si "Parseli ni ya nani?" Ulizo ni: "Serikali ilimupa mutu huyu haki gani, na kwa karatasi gani?"

Karatasi hazina nguvu moja.

Fishi ya parseli, ile unapata kwa kartye ao kwa komine, inaonyesha kwamba mutu anajulikana pale. Ni ya mafaa, lakini si hati ya haki. Ni sawa na karatasi ya mupolisi inayosema ulimuonyesha kitambulisho: haigeuki kitambulisho.

Mukataba na serikali wenye jina la "contrat de location" una nguvu zaidi. Lakini ni wa muda, miaka 3, na unaomba ujenge. Kama mwenye kuuza ana mukataba ambao muda wake umepita na hakujenga hata ukuta mumoja, anaweza kukuuzia kitu ambacho haki yake imelegea.

Karatasi yenye nguvu ni ile imeandikwa juu yake "certificat d'enregistrement". Inatoka kwa konservateri wa hati za nyumba. Kifungu 219 cha ile sheria kinasema haki ya kutumia udongo inathibitishwa na hati ile. Lakini hata hapa, angalia tarehe: katika miaka 2 ya kwanza, hati inaweza kushambuliwa bado mbele ya tribunali. Kisha ule muda inakuwa ngumu kuitikisa.

Sasa, muuzaji akikuonyesha hati, usiridhike na kopi, na usiridhike na rangi ya kashe. Andika namba ya parseli, uende mwenyewe kwa kadastre kuuliza kama namba ile iko juu ya pulani, na mipaka yake inafanana na ile uliona. Kisha pita kwa konservateri. Uliza hati iko kwa jina la nani, na kama kuna hipoteke ao mutu aliyeandika kupinga. Unaomba kwa maandishi, unalipa kwa kesi, unachunga risiti. Ndiyo, inakula siku na feza kidogo. Omba ruhusa kwa shefu wako wa ekipi, ao utume bibi yako na barua. Siku mbili kwa maofisi ni nafuu kuliko miaka kumi kwa tribunali.

Kuna ofisi nyingine ambayo watu wa migodi hatupaswi kusahau: kadastre ya migodi, CAMI. Ni yenye kuchunga karata ya vibali vyote vya kuchimba, na karata ile inaonekana kwa intaneti. Kodi ya migodi inatenganisha haki ya udongo na haki ya madini: unaweza kuwa na nyumba yako juu, na mutu mwingine awe na kibali cha kile kilicho chini. Hapa Kolwezi tuliyaona kwa macho. Kule Kasulo, mwaka 2014, habari ilitoka kwamba madini iko chini ya parseli za watu, na kwa miezi michache watu wakachimba ndani ya nyumba na ndani ya lupango. Mwaka 2017 sehemu ya kartye ikapewa kompani na wakaaji wakahamishwa. Kwa Cité Gécamines hapa muji, familia mingi pia zimejua maana ya kuambiwa kwamba mugodi unakuja.

Sheria inaomba mwenye kuhamishwa alipwe kwa haki, na masharti ya mugodi ya mwaka 2018 yana sehemu nzima juu ya kuhamisha watu. Lakini siku ile ya kuhesabu, mwenye hati anakaa kwa meza na karatasi. Mwenye fishi anakaa na maneno. Basi kama kartye ya mupya iko ndani ya kibali cha kuchimba, bei yake ndogo si baraka. Ni onyo.

Neno moja juu ya nyumba za marehemu, kwa sababu ziko mingi kwa soko, zaidi katika makambi ya zamani. Kodi ya familia inaweka watoto katika fungu la kwanza la warizi. Muloko wa marehemu hawezi kuuza peke yake nyumba ya watoto wa ndugu yake, hata kama anachunga funguo. Omba karatasi ya tribunali inayotaja likidateri, na uone watoto wakubwa kwa macho yako. Ukinunua kwa mujomba, siku moja mutoto atarudi kutoka Lubumbashi na madiplome yake, na wewe ndiye utatoka.

Safari ya tatu: ndani ya nyumba yako

Safari hii ni fupi kwa miguu na ndefu kwa moyo. Ukae na bibi yako kwa meza, buleti ya mushahara mbele yenu, musome pamoja.

Angalieni kwanza mukataba wa kazi. Kama ni wa muda, sheria ya kazi ya mwaka 2002 haikubali upite miaka 2. Sasa unataka kukopa feza ya kulipa miaka 4 na mukataba wa miaka 2? Benki inaweza kukubali. Tumbo la watoto halitakubali.

Angalieni kisha feza ya nyumba juu ya buleti. Watumishi wengi wanaihesabu sawa mushahara. Sheria ya kazi, kifungu 7, inasema hapana: feza ya nyumba si sehemu ya mushahara. Maana yake nini? Siku kazi inaisha, inakatika, na usiiweke katika hesabu yako ya dekonte sawa mushahara. Niliona kamarade aliyehesabu dekonte yake na feza ya nyumba ndani, akaahidi muuzaji, akatoa arra. Wakati dekonte ilifika, ilikuwa ndogo kuliko deni. Arra ikapotea.

Na kama umepata dekonte, mbele ya kuhesabu parseli, tenga feza ya kula miezi 6 na feza ya masomo. Ile inabakia ndiyo feza ya kununua. Ukinunua na yote, mwezi wa tatu utauza manjanja, mwezi wa tano utauza parseli, na atakayenunua ni komisyonere yule yule.

Mujiulize pia: nyumba hii ni ya kukaa wakati wa kazi, ao ya kukaa wakati kazi imeisha? Kama ni ya kesho, si lazima iwe karibu na mugodi, pale bei inapanda na kobalti. Inaweza kuwa Likasi, ao muji wa wazazi, pale feza ile ile inanunua vyumba viwili vyenye kusimama tayari. Kulipia nyumba ndogo hapa huku unajenga polepole kule si haya. Na kwa kulipia, mujue sheria ya tarehe 31 Desemba 2015: garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita miezi 3. Ukiombwa miezi 6 ao 10, unaweza kuonyesha sheria. Si kila mara utashinda, lakini mwenye nyumba akijua unajua, mazungumzo inabadilika.

Mwisho wa safari hii: jina. Hati iandikwe kwa majina ya wote wawili, bibi na bwana. Wanaume wenzangu, tusikasirike. Kazi yetu ni ya hatari. Mwenye kubakia na watoto ni mama, na familia yetu sisi wanaume inaweza kufika na mashauri yake mbele maua haijakauka. Kodi ya familia inamulinda mujane, lakini jina juu ya karatasi linamulinda haraka zaidi.

Siku ya kulipa

Ukiisha kuenda mara tatu na yote ni sawa, lipa. Lakini lipa ginsi mutu anashuka ndani ya shimo: ngazi kwa ngazi.

Andikeni mukataba wa kuuza mbele ya notere, si kwa nganda, si ndani ya gari ya komisyonere. Majina kamili, namba ya parseli, vipimo, bei kwa hesabu na kwa maneno, na mashahidi wa pande mbili. Lipa sehemu siku ya saini, na sehemu ya mwisho wakati jina limebadilishwa kwa konservateri. Kubadilisha jina ni kazi ya mununuzi. Wengi wanaiacha kwa kuchunga feza, na miaka kumi nyumba inabakia kwa jina la mutu mwingine. Pitisha feza kwa benki ao chukua risiti kwa kila dola. Na muuzaji mwenye kukataa haya yote kwa sababu ana haraka, umushukuru. Amekujibu.

Kile tunapaswa kuomba pamoja

Mutumishi peke yake mbele ya soko ni sawa na mutu mwenye nyundo moja mbele ya mulima. Lakini tulijua kazi ya pamoja tangu zamani. Kwa ekipi zetu tuna likelemba ya kila mwezi. Kwa nini tusifanye likelemba ya simenti na manjanja, kila mwezi mumoja anapewa vitu hapana feza? Feza inakulwa na wageni; simenti ikiisha kuwa ukuta, haikulwi tena.

Tunaweza pia kuweka ndani ya madai ya sendika vitu vitatu. Kwanza, kompani isaidie watumishi kupata parseli zenye kupimwa na serikali, kwa kikundi, na hati za kila mumoja. Pili, kuwe mutu mwenye kujua sheria za udongo, siku moja kwa mwezi, wa kusoma karatasi zetu mbele hatujalipa. Tatu, wakati kompani inapunguza watu, dekonte isilipwe Ijumaa jioni kwa mulango, pale makomisyonere wamepanga musitari. Haya si maombi makubwa. Baba zetu walipewa nyumba nzima.

Ginsi ilivyokwisha

Yule kamarade alirudi siku ya pili yake, asubui. Bibi yake ndiye alimurudisha, alikuja naye. Siku ya tatu tulienda watatu kwa parseli, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulikuta kijiti chenye kuandikwa jina la mutu mwingine kwa rangi nyekundu. Kwa kadastre, ile avenyi haikuwa juu ya pulani. Kwa karata ya migodi, kartye nzima ilikuwa ndani ya kibali cha kuchimba. Wale watu wawili wenye kungoja hawakuonekana: kisha mwezi mumoja komisyonere alikuwa anampigia bado simu, na bei ilikuwa imeshuka.

Hakupata parseli Kolwezi. Walitafuta karibu miezi mine. Mwishoni walinunua nyumba ya vyumba viwili kule Likasi, karibu na dada wa mama, nyumba yenye hati, na ukuta wa nyuma unaoomba matofari. Yeye amepata tena kazi ndogo hapa, analipia chumba, na kila mwisho wa mwezi anatuma mifuko miwili ya simenti. Anasema bado inamuuma kwamba hakununua hapa, pale kazi iko. Ninamuelewa.

Siku ya saini mbele ya notere alinipigia simu. Nikachukua bisi, nikaenda. Jina la bibi yake liliandikwa la kwanza, la kwake la pili. Mara hii niliweka saini.